Ndoo ya Ijumaa

Mtaani kwetu Ujiji kila mtu alimwita Baharia, ingawa mimi sijawahi kumwona akikanyaga mtumbwi. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye meli ya abiria, chini kabisa, upande wa umeme, akizunguka nayo ziwa mpaka Zambia na kurudi. Alipostaafu alirudi kwenye nyumba yake, ambayo inatenganishwa na yetu kwa kichochoro cha upana wa ndoo mbili, akatangaza kwamba yeye na maji wamemalizana. Wavuvi wakimwalika avuke nao tu hadi mwalo wa jirani, anakataa. Alisema mtumbwi hauna swichi ya kuzimia.

Sina haja ya kueleza alizaliwa na nani na wapi. Sisi watu wa Ujiji tukianza habari za ukoo hatumalizi. Kila mmoja ana babu aliyekuja na msafara. Nitasema ninayoyajua, na ninayajua sawasawa, kwa sababu nimeishi naye dirisha kwa dirisha tangu nikijifunza cherehani mpaka nikawa mama wa mtu. Nitasema pia kosa nililomfanyia. Nikiliacha hilo, nitakuwa nimechora kanzu na kuacha mtu.

Ukimwita Baharia aje kuangalia soketi au taa iliyogoma, baada ya salamu kitu cha kwanza alichotazama ni miguu yako. "Vaa viatu kwanza, ndipo uniambie tatizo." Hakuwa na upendeleo. Niliwahi kumwona akimrudisha mlangoni imamu mzima kwenda kufuata ndala zake, na imamu akaenda. Kwa mama yangu, kukanyaga na viatu sakafu iliyopigwa deki ni utovu wa adabu, na jambo hili waligombana nalo miaka nenda miaka rudi. Mwishowe mama alitenga raba kuukuu nyuma ya mlango, akaziita viatu vya Baharia, na alizivaa pale tu aliposikia kikohozi chake kichochoroni.

Vifaa vyake alivibeba kwenye mfuko niliomshonea mimi mwenyewe kwa gunia la unga. Bisibisi tatu, plaizi, tepu nyeusi, na balbu moja yenye mikia miwili ya waya. Balbu ile ndiyo aliyoiamini. Testa alikuwa nayo, lakini aliitumia kwa mashaka, kama unavyomtumia mtoto muongo kwenda dukani. Alisema testa ikiwaka inakuambia umeme upo, lakini isipowaka haijakuambia kitu. Huenda imekufa yenyewe. Kwa hiyo balbu yake aliijaribu kwanza penye umeme, kisha pale anapotaka kufanya kazi, kisha anairudisha tena penye umeme kuhakikisha haijaungua katikati ya ushahidi. Vijana walimcheka. Yeye alikuwa na vidole kumi vyote, na baadhi yao walikuwa wameshaanza kupungukiwa.

Fundi mmoja kijana wa Rusimbi alikuwa na mtindo wa kusokota nyaya kwa mkono na kuzifunga na kipande cha mfuko wa nailoni. Baharia alimkuta kwenye nyumba moja akishuka ngazi, anajisifu. Yule kijana akasema, "Mzee, hii mbona fresh tu." Baharia akamwambia, "Kama fresh, ishike." Kijana alicheka, lakini mkono aliurudisha mfukoni. Akapanda tena ngazi, akaanza upya.

Usidhani alikuwa mchoyo wa ujuzi. Kinyume chake, hakupenda kabisa watu kumwita kwa vitu vidogo. Jumamosi alasiri alikaa kwenye baraza yetu na kuwafundisha wanawake wa mtaa kufunga plagi: huu waya huku, huu huku, skrubu ikaze mpaka waya usicheze. Alisema mwanamke anayeweza kutumbua samaki hashindwi na plagi. Ni yeye aliyenifundisha kufungua injini ya cherehani yangu na kubadilisha kaboni zake, na mpaka leo hakuna fundi aliyeigusa. Alipenda kusema kwamba kubana skrubu si uchawi. Maneno haya yakumbuke.

Hata hivyo alikuwa mtu wa ajabu kwake mwenyewe. Alinyoosha kanzu ya Ijumaa kwa pasi ya mkaa. Redio yake, aliyoisikiliza kuanzia taarifa ya asubuhi, ilikuwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli na betri zake kubanwa kwa njiti ya kiberiti, na huyo ndiye mtu ambaye angekutukana kwa siku nzima akikuta njiti kwenye soketi yako. Nilimuuliza mara moja kuhusu pasi. Alisema umeme ni mgeni anayestahili heshima, na mgeni hapewi nguo zako akunyooshee.

Kofia yake ilikuwa na kazi mbili. Kwanza kukaa kichwani. Pili, alipozima mein swichi ili apande kufanya kazi, aliitundika kofia juu ya ile swichi, na mtaa mzima ulijua maana yake: kuna mtu kwenye nyaya, usiguse. Mpangilio huu ulifanya kazi vizuri hadi siku ya harusi moja. Alikuwa darini, anafunga taa za ukumbi. Akaingia mzee mgeni kutoka Simbo, mtu wa adabu zake, akaona kofia ya mtu mzima imetundikwa ukutani kama kitambaa cha jikoni. Akaona si heshima. Akaitungua kwa mikono miwili, akaipangusa, akaiweka mezani penye udi. Dada wa bibi harusi akaja na gauni la kunyoosha, akakuta umeme hakuna, akawasha.

Baharia alitupwa kutoka darini akaangukia magodoro ya wageni. Aliungua vidole viwili, na hilo ndilo pekee. Tulitegemea angefoka. Alisema yule mzee alikuwa sahihi kabisa, kofia haifai kutundikwa vile. Yeye ndiye aliyechagua alama mbaya. Tangu siku ile alitundika kandambili moja kuukuu, ya buluu, yenye kamba iliyoshonwa kwa waya. Alisema hakuna mgeni duniani atakayenyanyua kandambili ya mtu kwa heshima. Na kweli, haikuguswa tena.

Sasa nije kwetu.

Mama alikuwa mjane, na alikuwa akiuza barafu na juisi ya ukwaju kwa watoto wa shule. Friji lake lilikuwa likipiga shoti. Si sana, lilikuwa linauma tu, na sisi tulishalizoea kiasi kwamba tulikuwa na kanga maalumu ya kulifungulia. Ilining'inia pembeni, unaikunja mara nne, unashika mpini, unafungua. Ukisahau, unakumbushwa. Baharia alipoiona ile kanga na kuelezwa kazi yake, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka.

Alifuata nyaya siku nzima. Aligundua kwamba nyumba yetu haikuwa na ethi, yaani ule waya wa kijani unaotakiwa kushuka ardhini. Fundi aliyetufungia umeme aliuleta mpaka ukutani, akaukata, akauficha ndani ya plasta. Baharia alitueleza kwa lugha yake. Umeme ukipotea njia lazima uoneshwe pa kwenda. Usipouonesha pa kwenda, utapita kwa yeyote aliyesimama karibu. Kwenye meli hilo halikuwa tatizo, alisema, kwa sababu chuma chote kimekaa majini usiku na mchana. "Lakini nyumba yenu imekaa juu ya vumbi. Lazima muipe ziwa lake."

Akafunga breka mpya, ya kuanguka yenyewe na kukata umeme mara unapokimbilia ardhini. Akachimba shimo kwenye pembe ya nyumba, upande wa kichochoro, akapigilia fimbo ya shaba ya urefu wa kunifika kiunoni, akajaza mkaa na chumvi ya Uvinza ili udongo ushike unyevu, akaifunga fimbo kwenye waya. Akamwagiza mama kwamba kiangazi kikiingia, kila Ijumaa amwage ndoo moja ya maji pale, na mara mojamoja konzi ya chumvi. Friji likaacha kuuma siku hiyohiyo. Kanga ile ikarudi kuwa kanga.

Ijumaa ya kwanza mama alimwaga. Ya pili alisahau. Kuanzia ya tatu Baharia alifanya mwenyewe, asubuhi, kabla ya kuoga na kuvaa kanzu. Na Baharia, kila anachofanya kwa mikono, midomo yake huwa inamtaja Mungu taratibu. Jaribu kuitazama picha hiyo kwa macho ya mtu mwingine: mzee kwenye pembe ya nyumba ya mjane, ana ndoo, anamwaga chumvi ardhini na midomo inachezacheza.

Kipindi hicho nilikuwa nimeposwa. Watu wa mchumba wangu ni wakulima wa kahawa wa Kalinzi, na walimleta shangazi yake aje atuone, akalala kwetu siku mbili. Mama mwenye heshima zake, mwenye macho ya kuku. Asubuhi ya Ijumaa alisimama dirishani muda mrefu. Wiki iliyofuata zikaja habari kwamba posa isubiri kwanza. Mchumba wangu mwenyewe alikuja na pikipiki, kichwa chini, akanieleza aliyoyasema shangazi: nyumba ile imezindikwa, kuna kitu kimezikwa pembeni na kuna mzee anakilisha chumvi. Akamuuliza mchumba wangu kama anataka kuoa kitu kinachokula. Mama alipompigia simu kumweleza habari za umeme, shangazi aliitikia "ego, ego", yaani ndiyo, ndiyo kwa Kiha, kwa upole wote, na hakuamini hata neno moja.

Ningeweza kumwomba Baharia aende Kalinzi akaeleze. Sikufanya hivyo. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na hasira ya kutosha nyumba tatu, na nilishaamua kwamba mzee yule na fimbo yake ndio wanaoniharibia maisha. Jumamosi alipokwenda mazikoni Kigoma mjini, nilichukua jembe. Udongo ulikuwa laini kwa sababu ya maji yake. Nilichimba, nikaitikisa fimbo kama jino bovu mpaka ikatoka. Waya ulikataa kufunguka, nikaukata kwa mkasi wangu wa kitambaa, mkasi ambao hata mama haruhusiwi kuutumia kwa karatasi. Mkasi ukapata pengo. Kibaki cha waya nikakifukia, na fimbo nikaitupa kwenye shimo la choo cha zamani. Mama nilimwambia ni mwizi wa shaba.

Jumapili tulikwenda Rusimbi kwenye arobaini ya ndugu. Tuliporudi nilikuta udongo wa pembeni umevurugika kidogo, nikadhani ni kuku wa mama, nikawafukuza. Baharia alitusalimia kama kawaida. Hakuuliza fimbo iko wapi. Ijumaa haikumleta tena na ndoo kwenye pembe yetu, nami nikajiambia ameona aibu. Nikamtumia shangazi ujumbe kwamba kitu kimeng'olewa. Miezi mitatu baadaye nikaolewa, na kwa kuwa mama hakuwa na mtu mwingine, mume wangu, aliyepata kazi bandarini, akahamia kwetu.

Na friji halikuuma. Hapo ndipo kiburi kiliponivaa kabisa. Nilijionea kwa macho yangu: fimbo imeng'olewa, friji salama, ndoa imefungwa. Niliwasimulia wanawake wenzangu kwamba mzee wa watu alikuwa anamwagilia chuma, tukacheka, na Baharia yuko upande wa pili wa kichochoro anasikiliza redio yake ya mpira wa baiskeli. Sijui kama alitusikia. Dirisha lilikuwa wazi.

Binti yangu alipofika miaka minne alikuwa na tabia ya kulamba barafu kwenye mlango wa friji. Mchana mmoja wa kiangazi, mama alikuwa amemaliza kupiga deki, sakafu imelowa, mtoto miguu mitupu. Nilimwona anaelekea kwenye friji, mkono mbele. Kabla hajafika, feni ikazimika, cherehani yangu ikanyamaza. Nilidhani umeme umekatika. Lakini kwa Baharia redio ilikuwa inaimba, na baadaye nikakumbuka kwamba redio ile ni ya betri, nikatoka nje kuuliza, nikaambiwa umeme upo mtaa mzima. Kwetu breka ndiyo iliyoanguka.

Baharia akaja. Akalisogeza friji, akakuta panya wametafuna waya nyuma mpaka shaba inaonekana, imegusa bati la friji. Alimtazama mtoto. Alitazama miguu yake, na sakafu. Mtu huyu, ambaye hakupumzika hata siku aliyotupwa kutoka darini, alivuta kigoda akakaa, akaomba maji ya kunywa. Niliona, nikasema uzee unakuja. Alibadilisha waya, akatundika na kutundua kandambili yake, akamwambia mtoto wangu avae viatu, akaondoka.

Macho ndiyo yaliyomshinda hatimaye. Alianza kuchanganya waya wa kijani na wa buluu, na siku alipogundua hivyo aliufunga mfuko wake, hakuufungua tena kwa ajili ya nyumba ya mtu. Mwaka huu binti yake anayeishi Simbo aliamua kumchukua, na nyumba ikapata wapangaji. Siku mbili kabla ya safari aliniita kupitia dirishani, alasiri, nikiwa nashona.

Nikamwamkia, akaitikia, akatazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa. Akaniongoza nyuma ya bafu lake, akakanyagakanyaga kwa kupapasa mpaka akafika kwenye karai lililopinduliwa kifudifudi, akaniambia nilinyanyue.

Chini yake kulikuwa na kichwa cha fimbo ya shaba. Udongo umelowa. Chumvi imeganda pembeni kwa mistari myeupe, mwaka juu ya mwaka. Waya umefungwa vizuri kwa skrubu, unazama ardhini, unaelekea kwetu.

"Hii si ya kwangu," alisema. "Ya kwangu iko mbele. Hii ni ya kwenu. Nimekuita uijue, wapangaji wasije wakaing'oa."

Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu Jumapili ile tuliyokwenda Rusimbi. Alipitisha waya chini ya kichochoro, akauunga na kile kibaki nilichokifukia. Nilisikia masikio yanapata moto. Nikaanza kusema habari za mwizi wa shaba, kwa sababu uongo ukishauzoea hutoka wenyewe, naye akainua mkono.

"Waya uliokatwa na plaizi una ncha bapa. Ule ulikatwa na mkasi. Mtaa huu mkasi wa kukata waya vile uko mmoja."

Nilikaa chini, pale pale kwenye udongo wa bafu lake. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hiyo, hata nilipokuwa nikimcheka.

"Ningekuambia, binti yangu, ungeing'oa na hii."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Ilikuwa kweli. Ningeing'oa. Kisha nikakumbuka sakafu iliyolowa na mkono wa mwanangu, nikamwambia siku ile, Mzee, siku ile uliyoomba maji. Akasema siku ile alikuwa ametoka kwenye homa. Ijumaa mbili hakuwa amemwaga. Aliposikia breka imeanguka hakujua imeanguka kabla mtoto hajafika au baada, na alivuka kichochoro akijua kwamba kama udongo umekauka, basi ni yeye.

Nililia, sioni haya kusema. Yeye alisubiri nimalize, kama anavyosubiri mtu akaze skrubu. Kisha akanipa ndoo yake, na mfuko wa chumvi uliobaki nusu, na kandambili ya buluu. Alisema ya mwisho hiyo ni ya mume wangu, kwa sababu amemsikia anajaribu kufunga taa za nje na hajui kuzima.

Alikwenda Simbo Jumatano, kwenye kiti cha mbele cha gari ya mkwewe, redio mapajani.

Ijumaa nilibisha hodi kwa wapangaji, nikaomba ruhusa, nikaenda nyuma ya bafu na ndoo yangu. Nilimwaga taratibu. Nilirusha konzi ya chumvi. Na nikajikuta midomo yangu inacheza, namwombea. Nilipoinua kichwa, yule mama mpangaji, mgeni wa mtaa, alikuwa dirishani ameshika pazia, ananitazama kwa macho ninayoyafahamu. Akaniuliza polepole, dada, hapo unalisha nini.

Nikamwambia avae viatu, atoke nje, nimwoneshe.